Mashine Haipimi Peke Yake



Ipo dhuluma isiyopiga kelele. Haimnyang'anyi mtu shamba wala ng'ombe. Humwambia tu mchimbaji mdogo wa dhahabu anayekohoa kwamba majibu yake hayajarudi, naye hurejea kulala chumba kimoja na watoto wake.

Tunasema wazi: mashine ya kupima vinasaba isiyo na mikono iliyofundishwa ni pambo. Na mikono haifundishwi kwa hotuba.

Tuielewe kwanza kazi yenyewe. Hadubini huhitaji vijidudu vya kifua kikuu kati ya 5,000 na 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo ivione, wala haiwezi kusema kama ni sugu kwa dawa. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutambua vijidudu visivyofika 200, na kwa muda wa saa 2 hivi hueleza kama dawa ya rifampisini itafaa. Vivyo hivyo kwa mtoto wa mama mwenye VVU: kipimo cha kawaida hakiaminiki kabla ya miezi 18, kwa kuwa damu yake bado ina kinga za mama. Kipimo cha vinasaba hujibu tangu wiki ya 4 hadi ya 6. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya miaka 2. Hapo kuchelewa ni hukumu.

Lakini nguvu ya vipimo hivi ndiyo hatari yake. Kinasaba huzidishwa mara mbili katika kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30, kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni 1. Tone lisiloonekana likihama kutoka mrija mmoja hadi mwingine, mtu mzima wa afya ataandikwa mgonjwa. GeneXpert imeifungia kazi hiyo ndani ya katriji. Vipimo vingine havikufungwa hivyo. Kushika pipeti, kutenga chumba safi na chumba cha sampuli, kutambua jibu la kutiliwa shaka: huu ni ufundi. Nani aliyepata kuwa seremala kwa kutazama picha ukutani?

Hata hivyo, mara ngapi mafunzo huwa ni ukumbi wa hoteli katika mji mkubwa, siku 3, posho na cheti? Anayekwenda ni mkubwa wa kitengo. Anayeshika sampuli amebaki zamu ya usiku. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wapo watakaosema Katavi ni mbali, sampuli zisafirishwe. Mkoa huu ulitengwa na Rukwa mwaka 2012 ili huduma ziwasogelee wananchi. Iweje zisogezwe ofisi, ujuzi ubaki mbali? Kutoka Mishamo, Inyonga au Karema kufika Mpanda ni safari tosha. Tena tuitazame Kagera, mkoa wa mpakani kama wetu: Januari 2025 ugonjwa wa Marburg uliotokea Biharamulo ulibainishwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, humo humo mkoani, kisha ukathibitishwa Dar es Salaam. Yaliyowezekana Kagera yana kizuizi gani Katavi, ambako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo?

Wengine watataja gharama. Mwaka 2023 bei ya katriji ya kifua kikuu ilishushwa kutoka karibu dola 10 hadi karibu dola 8, baada ya wanaharakati kuipigia kelele kwa miaka. Ukimya haukushusha hata senti.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mafunzo yafanyike Mpanda na wilayani, juu ya meza na mashine zile zile zitakazotumika. Pili, wafundishwe wanaoshika sampuli, tena wasipungue wawili kila maabara, ili mmoja akihamishwa kazi isife. Tatu, mkufunzi arudi kuwakagua.

Nanyi viongozi wa walei, ulizeni katika kamati za afya, katika mikutano ya vijiji na kwa madiwani wenu: nani amefundishwa? Lini? Mashine ikisimama, nani ataitengeneza? Msiridhike kuonyeshwa mashine iliyofunikwa kitambaa. Kupimwa kwa usahihi si hisani ya mfadhili; ni haki ya mtu wa Mpanda sawasawa na mtu wa Dar es Salaam.