Kazi ya Manispaa huanzia daftari la skuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi wa hapa Jang'ombe, nalo ni namna ya kupata kazi katika Baraza la Manispaa.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huko shamba, lakini kwetu ni Jang'ombe. Kila Jumamosi vijana huniletea makaratasi yao niwasahihishie barua za maombi. Karibu wote huniuliza swali moja: "Mwalimu, unamjua nani Manispaa?" Kujuana kupo, wala sitawadanganya wasomaji. Lakini katika barua zilizopita mkononi mwangu, nyingi ziliangushwa na karatasi kabla hazijamfikia mkubwa yeyote wa kumjua au kutomjua mtu.

Kwanza vijana wanachanganya milango. Mji wetu una mabaraza matatu ya manispaa, la Mjini, la Magharibi 'A' na la Magharibi 'B', na liko Baraza la Jiji. Kijana akimwona mtu anafagia Darajani hudhani huyo ni mtumishi wa kudumu, kumbe huenda ni kibarua, au ni wa kampuni iliyopewa kazi ya kuzoa taka. Kibarua huulizwa huko huko kwenye kazi. Nafasi za kudumu, kama za uhasibu, afya ya mazingira au mipango miji, kwa kawaida hutangazwa kupitia Tume ya Utumishi Serikalini, na siku hizi maombi hupitia mtandao wa Zan Ajira. Wapo hata waliopeleka maombi yao kwenye Sekretarieti ya Ajira ya bara wakingoja kuitwa na Manispaa ya Mjini. Hao watangoja sana.

Kutojua milango ndiko kunakowapa riziki madalali wa kazi. Mama mmoja jirani yangu alitoa fedha za biashara yake ya maandazi akampa mtu aliyejidai ana nafasi mbili mkononi. Mtu huyo hapokei simu tena. Tume haiuzi nafasi, na tangazo halali hutaja sifa, siku ya mwisho na pahala pa kupeleka maombi.

Sasa nije kwenye karatasi zenyewe. Matangazo hutaka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, maelezo binafsi, picha na vivuli vya vyeti vya masomo. Cheti cha masomo ni kile chenyewe. Karatasi ya matokeo tu haikubaliwi, na matangazo mengi hulisema hilo wazi. Hayo yote mtu aweza kuyatafuta akayapata. Tatizo ni majina.

Hapa sina budi kujitaja mwenyewe. Mwaka huu alinijia kijana niliyemsomesha darasa la kwanza miaka kumi na mitatu iliyopita, nami nikiwa mwalimu mgeni. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu, lake, la baba na la babu, na limeandikwa Khamis. Vyeti vyake vya skuli vina majina mawili, tena Hamisi. Baba yake alimleta skuli bila karatasi yoyote. Nami nikaandika kama nilivyosikia, nikaacha jina la babu kwa kuwa mstari wa daftari ulikuwa mfupi. Kosa lile likapanda naye darasa kwa darasa hadi kwenye mtihani wa taifa. Alipoomba kazi akaambiwa hizi ni karatasi za watu wawili.

Ilibidi aende kula kiapo na kupata hati ya kuthibitisha kuwa majina yote ni yake. Nauli na gharama tuligawana, maana mwandiko ule ni wangu. Siku hati ilipotoka, tangazo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Tangu siku ile nimefungua daftari la darasa ninalosomesha na kuwaita wazazi mmoja mmoja walete vyeti vya kuzaliwa. Katika wanafunzi arubaini na wanne, kumi na mmoja majina yao hayalingani na vyeti, na watatu hawana vyeti kabisa. Hilo ni darasa moja la kijiji kimoja. Ningeomba walimu wenzangu nao wafungue yao, kwani jina la mtoto wa darasa la kwanza hurekebishwa kwa kalamu tu.

Kwa wakubwa wanaohusika ninalo ombi moja. Tangazo la kazi likitoka mtandaoni, nakala yake ibandikwe ukutani kwa sheha. Huko ninakosomesha wapo vijana wenye vyeti wasio na simu ya mtandao, na habari huwafikia kwa mdomo siku zimebaki mbili. Sheha ndiye anayewaandikia barua ya kupatia kitambulisho. Ukutani kwake hawakosi kupita.

Khamis anauza maji ya baridi kituo cha daladala, na hati yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kila Jumamosi hupita kwangu kuuliza kama kuna tangazo jipya.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Jang'ombe, Unguja.