Ukitaka Watu Uwanjani, Anzia Mnadani!

Wiki hii nina barua mkononi inayonikosesha raha. Kijana mmoja wa wilayani Hanang, mpiga gitaa na mwimbaji, alialikwa kupiga kwenye tamasha. Akauza dume lake la ng'ombe, akakodi vyombo na gari, akashona sare za bendi. Siku ikafika, saa mbili usiku akapanda jukwaani. Mbele yake walikuwepo watoto, mlevi mmoja na mbwa. Anauliza: "Kaka, niache muziki nikalime?"

Usiache, mdogo wangu. Ila kulima ulime tu, maana muziki peke yake haujazi debe.

Kwanza nikusute kidogo. Saa mbili usiku! Mbulu na Hanang si Magomeni. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko inauma mpaka kwenye meno, ng'ombe wameshaingia zizini, na mama aliyekuja kwa miguu anataka kufika kwake kabla fisi hawajaanza zamu yao. Mwandaaji akikupa saa ya usiku eti ndiyo heshima ya nyota wa mwisho, mwombe akushushe upige saa tisa alasiri. Heshima isiyo na watu ya nini?

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mwaka mmoja nilifuatana na bendi ya mjini (jina nalihifadhi, bado tunasalimiana) kwenda kwenye tamasha la huko huko. Vijana walikuwa bomba, solo linalia, miwani ya jua usoni. Walipiga nyimbo kumi, na mtangazaji akaomba makofi mara kumi. Kisha akapanda mzee mmoja, shuka begani, fimbo mkononi. Akaanza slufo, ile sala ya Wairaqw ambayo mzee anatamka na umati unaitikia. Jamani! Waliokuwa kwenye nyama choma waliacha mishikaki wakaja mbio. Hakuna aliyeombwa makofi. Mimi nisiyejua hata neno moja nilijikuta naitikia.

Wale watu walikuja kwa sababu walijua wana kazi ya kufanya pale. Sasa wewe, wimbo wako una kiitikio? Wanakijua kabla ya siku yenyewe? Watakijulia wapi?

Mnadani, bwana! Mnada wa Katesh unakusanya watu kuliko tangazo lolote la kubandika ukutani. Mbarabaig kaleta ng'ombe, Mwiraqw kaleta vitunguu saumu, wachuuzi wa mitumba nao hao. Nenda wiki mbili kabla, wewe na wenzako wawili, gitaa na ngoma moja, vyombo vikubwa acha nyumbani. Piga wimbo mmoja karibu na wachoma nyama, wafundishe kiitikio, wataje siku na saa, halafu ondoka wakiwa bado wanakutaka. Ila usisogee upande wa mifugo. Ng'ombe wakikurupuka ukalipa dume la pili, utaniandikia barua nyingine.

Usidhani haya ni mambo ya shamba. Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, lilipata jina kwa jukwaa la Ngome Kongwe, lakini hawakukaa ngomeni kungoja watu. Walitoka na maandamano ya ngoma na beni mitaani, mwenye shughuli zake akajikuta anafuata.

Halafu kuna suala la lugha. Ukifika upande wa Haydom, ambako 4CCP wamekuwa wakiandaa tamasha la utamaduni, unakuta Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba, na lugha zao hazina undugu hata kidogo. Kiswahili kitakusaidia kusimulia, lakini kiitikio weka cha kwao. Saida Karoli aliimba Kihaya mwaka 2001, nchi nzima ikacheza, hata wasioijua Bukoba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze na nyimbo za Kigogo.

Ila usiokoteze maneno mawili ukajifanya mwenyeji, watakucheka. Tafuta mama wa Kidatoga anayejua kuimba, kaa naye, fanyeni mazoezi, mpandishe jukwaani na umlipe sawa na mpiga besi wako. Ukoo wake wote utakuja kumwona. Nimechoka kuona Mhadzabe anaitwa apande na upinde wake asimame kama pambo, wakati posho inaliwa na wengine.

Umeandika kwamba mwaka huu umealikwa tena na unafikiria kuuza ng'ombe mwingine. Acha ng'ombe zizini. Omba nauli kwa waandaaji mapema, na waambie wakupe saa tisa. Nitumie tarehe na mimi. Nikipata nafasi kwenye basi nitakuja, na sweta nitabeba.