Kompyuta na ugomvi wa kambamiti Ungwana

UGOMVI wa kambamiti katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, ni wa miaka mingi. Upande mmoja wapo wenye meli zinazokokota nyavu chini ya bahari. Upande wa pili wapo wavuvi wa mashua na mitumbwi, wanaolalamika kwamba meli hizo huwakatia nyavu, huzoa samaki wachanga na kuvuruga sakafu ya bahari.

Kenya ilizisimamisha meli hizo mwaka 2006. Zilirejea mwaka 2011, baada ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010 uliozitaka zikae nje ya maili 3 za baharini kutoka pwani na kusitisha uvuvi kuanzia Novemba hadi Machi.

Mfanyabiashara anayevuka Horohoro na Lunga Lunga anaweza kudhani hayo ni ya Wakenya peke yao. La hasha. Tanzania nayo iliwahi kuzisimamisha meli za aina hiyo, na samaki wakiadimika upande mmoja wa mpaka, bei huonekana upande wa pili. Anayeumia kwanza ni mwenye mtaji mdogo, akiwamo aliyerejea kwao na kuanza maisha upya kwa kuuza samaki.

Swali la kujiuliza ni hili: nani anasema kweli kuhusu madhara?

Wavu wa kukokota una mdomo mpana, unaotanuliwa na vipande viwili vizito vya mbao au chuma vinavyoitwa milango. Milango hiyo huburuzwa juu ya tope, pamoja na mnyororo au kamba nzito ya chini inayowashtua kambamiti watoke walikojificha. Kwa kuwa yote hutokea gizani chini ya maji, kila upande umekuwa ukisema lake.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Wahandisi hulisha kompyuta uzito wa milango, ukubwa wa matundu ya wavu, kasi ya meli na aina ya tope, nayo hukadiria zana itazama kiasi gani na itahitaji nguvu kiasi gani kuvutwa. Mwaka 2011 watafiti wa Scotland, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, walichapisha hesabu za namna hiyo wakizilinganisha na majaribio ya baharini. Faida yake ni kwamba zana nyepesi inaweza kupimwa kabla haijashonwa. Mwenye meli naye huokoa mafuta, kwani wavu mzito hula dizeli nyingi.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jan Geert Hiddink wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walikusanya tafiti za nchi mbalimbali. Waliona kwamba wavu wa milango ukipita mara moja huondoa wastani wa asilimia 6 ya viumbe wa sakafuni. Inaonekana ni kidogo. Lakini ukipita mara 10 mahali pale pale kabla viumbe hawajarejea, hesabu inafika karibu asilimia 46. Kurejea kutoka nusu hadi asilimia 95 huchukua kati ya miaka 1.9 na 6.4.

Linganisha na Ungwana. Miezi 5 ya kufunga msimu yaweza kuwasaidia kambamiti kukua, lakini kwa hesabu hizo haitoshi kuponya sakafu iliyokokotwa mara kwa mara.

Hata hivyo, takwimu hizo ni wastani wa bahari nyingine. Ungwana hupokea tope la mito Tana na Sabaki, na huenda viumbe wake hurejea upesi zaidi, au polepole zaidi. Kompyuta hujibu kwa kadiri ilivyolishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa leseni, wenye mamlaka wapime tope la Ungwana lenyewe, wadai kumbukumbu za njia za kila meli, kisha matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi. Tanzania nayo ifanye vivyo hivyo.