Ufundi wa tabo za malori wahitaji mpaka, si marufuku

Msimu wa mavuno ya mahindi unapowadia katika kaunti ya Trans Nzoia, kuanzia mwezi wa Oktoba, malori hufurika mjini Kitale. Mengine hushuka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma na mpaka wa Malaba. Mengine huelekea Nairobi kupitia Eldoret na Timboroa. Katika majira hayo, lori linapolala bovu kwa siku moja, mwenyewe hupata hasara, hasa iwapo alilinunua kwa mkopo.

Ndiyo maana kifaa kinapoharibika, aghalabu mwenye lori hangoji karakana kubwa ya mbali. Humwita fundi wa jua kali, na kazi hufanyiwa uani kwake, chini ya mwembe. Mojawapo ya kazi hizo ni kung'oa tabo. Kazi hii yastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndani yake mna mambo mawili tofauti ambayo sheria na wenye magari huyachanganya: kukarabati injini na kuigeuza.

Tabo ni kifaa kinachotumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua vyema na injini hupata nguvu zaidi. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hilo mwaka wa 1905.

Katika eneo hili la nchi, kifaa hicho ni cha lazima. Kitale uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Huko juu hewa ni nyembamba, na lori lililojaa magunia ambalo tabo yake imekufa hupanda likikokota na kutoa moshi mweusi.

Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka, ikipungua au ikichelewa kufika, kifaa huharibika upesi. Dereva anayezima injini mara tu baada ya kupanda mlima huiacha oili iungue ndani ya tabo yenye joto kali. Dakika chache za kuacha injini ingurume polepole kabla ya kuizima zingemwepushia gharama hiyo.

Kuing'oa tabo hakuhitaji miujiza. Injini iachwe ipoe na betri ifunguliwe nyaya. Fundi hufungua mipira ya hewa, mabomba ya kuleta na kurudisha oili, kisha boliti za upande wa moshi, ambazo mara nyingi zimeshika kutu. Matundu yote huzibwa, kwani nati moja ikidondokea ndani yaweza kuvunja mapanga ya tabo mpya au kuharibu injini.

Hata hivyo, tofauti kati ya fundi hodari na mbahatishaji haionekani wakati wa kung'oa. Huonekana anapouliza kwa nini tabo ya kwanza ilikufa. Iwapo bomba la oili limeziba au chujio la hewa limetoboka, tabo mpya itaifuata ile ya kale kaburini. Fundi hodari hubadilisha oili na gasketi, hutia oili katika tabo kwa mkono, na huizungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ifike.

Kuna hatari nyingine ambayo kila mwenye lori apaswa kuijua. Sili za tabo zikichakaa, oili huweza kuvuja na kuingia upande wa hewa. Injini ya dizeli huweza kuanza kuichoma oili hiyo badala ya dizeli, ikaendelea kunguruma kwa kasi ya kutisha hata baada ya kuzimwa kwa ufunguo, mpaka ijivunje. Kupuuza moshi wa samawati ni kucheza na moto.

Mpaka hapo, tunazungumzia ukarabati. Kurudisha tabo ya aina na kipimo kile kile alichokusudia mtengenezaji ni kazi halali, na hakuna sababu ya kumzuia fundi aliyehitimu kuifanyia nyumbani kwa mteja.

Tatizo huanza mwenye lori anapotaka tabo kubwa zaidi. Hewa peke yake haizai nguvu, kwa hivyo fundi huongeza pia kipimo cha dizeli katika pampu. Dizeli ikizidi hewa, joto hupanda kupita kiasi. Pistoni huweza kuyeyuka na silinda hedi kupasuka. Isitoshe, tabo kubwa huchelewa kushika kasi injini inapozunguka polepole. Basi humwangusha dereva pale pale anapoihitaji zaidi, anapoanza kupanda mlima akiwa na mzigo.

Kadhalika, breki, klachi na fremu ya lori hubaki zile zile. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, wakati wa aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, ziliyataka malori ya biashara yawe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Basi nguvu ya ziada haiwezi kununua kasi kihalali. Yaweza kumsaidia dereva mlimani, lakini kishawishi kikubwa ni kuongeza magunia, ingawa lori litakapoanza kuteremka hakuna tabo itakayolisimamisha. Mzani wa Webuye upo kwa sababu hiyo, lakini mzani hupima uzito na haupimi kilichobadilishwa ndani ya injini.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari aarifu msajili anapolibadilisha kiasi cha kuzifanya taarifa za usajili zisiwe sahihi. Magari ya biashara nayo hutakiwa kukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Hata hivyo, tabo iliyokuzwa si rahisi kuonekana kwa mkaguzi anayetazama taa, magurudumu na breki. Ushahidi ulio wazi zaidi ni moshi. Mwaka wa 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Mama muuza ndizi kando ya barabara ya Kanduyi huuvuta kutwa nzima, ilhali faida ya safari haimfikii.

Serikali ifanye nini basi? Kuwafukuza mafundi wa jua kali ni kuukata mkono unaoilisha nchi. Ufundi huu ulitambuliwa katika sera ya taifa tangu mwaka wa 1992, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda (NITA) hutoa mitihani ya kupima ujuzi wa fundi hata kama hakusomea chuoni. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zaweza kuwalipia mafundi ada ya mitihani hiyo na kuwapa mafunzo mafupi ya injini za dizeli, kwani Chuo cha Kitaifa cha Kitale na kile cha Sang'alo viko karibu nao.

Mwenye lori naye ana wajibu. Adai risiti yenye jina la fundi na nambari ya tabo iliyofungwa. Karatasi hiyo ndogo ingemlinda fundi mwaminifu, ingemwanika laghai, na ingempa mkaguzi mahali pa kuanzia.

Fundi apewe cheti, na lori libaki na nguvu ambayo breki zake zinaimudu. Wanaopitana na malori hayo usiku kati ya Kitale na Bungoma, wakiwa kwenye bodaboda au kwa miguu, hawakuulizwa iwapo wangependa injini ikuzwe.