Omar ibn Said: Mtumwa aliyeandika kuwa milki ni ya Mungu
Ndugu Waislamu, mwaka 1807 Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro iliyo katika Senegal ya leo, alishushwa katika bandari ya Charleston, Marekani, akauzwa kama mali. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akaanza na Suratul Mulk, sura inayofundisha kuwa ufalme na milki yote ni ya Mwenyezi Mungu. Sheria ya nchi ile ilimhesabu kuwa milki ya mtu. Kalamu yake ikakanusha. Alifariki angali mtumwa, kabla ya utumwa kufutwa nchini kote mwaka 1865. Hati yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani tangu 2017. Wazazi, tuwafunze watoto wetu: dhulma haigeuki kuwa haki kwa kuandikiwa sheria.