Kabla ya video ya ndege, pima gundi kwanza

Kila baada ya miezi michache lazima kuwe na ile video. Kijana fulani mashinani amechomelea vyuma na mabati, akafunga injini ya pikipiki, akaandika jina lake ubavuni, na kijiji kizima kimemiminika kuona "ndege". Sisi wa mtandaoni tunashea na kuandika "serikali imsaidie". Mwanasiasa anakuja kupiga picha. Mwezi ukiisha, kuku wanalala ndani.

Mimi siku hizi sicheki, kwa sababu hata mimi nimejaribu. Ila naona makofi tunayapiga mahali pasipofaa. Tunashangilia injini na umbo, na hakuna anayeuliza: hiyo kitu ina kilo ngapi?

Kwetu hilo ni swali la kufa na kupona. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hivyo hapa Kisii imeshapoteza kama moja ya sita kabla hujaiwasha. Mabawa nayo yanapata hewa kidogo ya kuegemea. Sasa beba fremu ya vyuma vya geti juu ya hayo yote. Itanguruma, itatimua vumbi, itabaki hapo hapo.

Kuna njia nyingine, na ni ya zamani kuliko mimi. Mwaka wa 1975 Mmarekani Burt Rutan alirusha kindege kiitwacho VariEze, kisha akauza michoro yake ili mtu ajiundie gerejini. Bawa lake ndani ni povu gumu la polistirini, ndugu ya ile nyeupe inayofungiwa TV, lililokatwa kwa waya wa moto. Juu yake unalaza kitambaa cha faibaglasi na kukilowesha epoksi. Ikikauka, una bawa jepesi lenye nguvu, na hujachomelea chochote. Mwaka wa 1986 ndege nyingine aliyoibuni, Voyager, ya nyuzi za kaboni na epoksi, ilizunguka dunia nzima bila kutua wala kuongezwa mafuta.

Nikasoma hayo nikajiambia, manze, si hii ni kazi yangu? Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, nilipata kibarua kwa gereji moja karibu na Daraja Mbili, tukitengeneza bampa na spoila za matatu kwa faiba. (Sio faiba ya intaneti, tafadhali.) Kwa hivyo mimi na binamu yangu tukaamua kutengeneza kipande cha bawa, mita moja tu, kwenye stoo yao pale Keroka, mji ambao upande mmoja ni Kisii na mwingine Nyamira.

Kipande cha kwanza tulitumia resini ile ya matatu, yaani poliesta. Ikala lile povu mbele ya macho yetu kama maji ya moto juu ya sukari. Poliesta ina staireni, na staireni huyeyusha polistirini. Epoksi haifanyi hivyo, ndiyo maana Rutan aliitumia.

Tukachanga pesa, tukaagiza epoksi kutoka Nairobi. Hapo ndipo ujuzi wangu wa gereji ulinisaliti. Kwa poliesta, hadina unatia kwa makadirio. Kukiwa na baridi unaongeza kidogo, inashika haraka, mteja anaenda. Epoksi haina hiyo tabia. Resini na hadina hushikana kwa kipimo kamili, gramu kwa gramu, na ukizidisha hadina huharakishi kitu. Ile iliyozidi inabaki humo bila mwenzake, na gundi inakuwa dhaifu milele. Mimi nilikadiria kwa jicho, kwa raha zangu.

Halafu mvua ikanyesha, unajua mvua ya saa tisa ya Gusii. Stoo ikawa baridi, epoksi ikabaki inanata. Binamu akasema, "Ndugu, si tuwashe jiko, kama ya vifaranga?" Tukawasha jiko la makaa na kufunga mlango, ujinga ambao ungetuua sisi kabla ya ndege. Asubuhi kipande kilikuwa kigumu, kinang'aa, kina utelezi kidogo. Tukakisifu, tukalaza tabaka la pili juu yake.

Wiki iliyofuata nilishika pembe nikavuta. Likabanduka lote kama ganda la ndizi.

Ule utelezi ndio uliotumaliza. Hadina ikikutana na unyevu na kaboni dayoksaidi hutoa utando kama nta, na jiko la makaa linatoa hiyo hewa kwa wingi. Dawa yake ni maji safi na kusugua, kisha msasa, kabla ya tabaka lingine. Kama lile lingekuwa bawa kamili, lingepita mbele ya kamera vizuri kabisa, kisha libanduke angani na mtoto wa mtu ndani. Hicho ndicho kinachonitisha kuhusu zile video.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kaunti zetu mbili zisimnunulie mtu injini. Ziweke benchi la epoksi katika vyuo vya ufundi: mizani ya gramu, chumba chenye joto na hewa kavu, glavu na barakoa, na mtu wa kufundisha kuvunja vipande vya majaribio. Glavu si urembo. Ngozi ikishaikataa epoksi, mzio huo kawaida hauondoki, na binamu sasa anawashwa mikono akifungua tu kopo. Mikono tunayo. Wachongaji wa Tabaka wanakimaliza kinyago cha jiwe kwa msasa na maji mpaka kinateleza kama yai, na kumalizia bawa ni kazi ya mikono kama hiyo. Hata kama hakuna atakayeruka, mtu mwenye ujuzi huo anaweza kutengeneza mashua za ziwani na matangi.

Na anayetaka kuruka aende KCAA mapema, kabla hajakata povu, kwa sababu bila kibali chao uwanja wa Suneka utabaki wa kutazama tu. Wakaguzi wakidai rekodi za kila mchanganyiko wa gundi, tusiseme wanaua ndoto za vijana. Nimelivuta lile ganda kwa mkono wangu, najua wanachotafuta.

Jirani yetu mzee mmoja alituuliza, "Vijana, hii ndege yenu italipa karo?" Bado sina jibu la kumpa. Kipande cha tatu kiko ndani ya kasha la mbao lenye balbu mbili, tumekipima kwa mizani ya mama wa keki, na kila kipimo kimeandikwa kwenye daftari. Jumamosi tunakipakia mifuko ya mchanga mpaka kivunjike.