Mtambo wa kuzuia ndege kugongana hautoshi wakati wa kutua

WAKAZI wa Ganjoni, kisiwani Mombasa, wana njia mbili za kuifuata ndege. Wanaweza kupitia Makupa na Changamwe hadi uwanja wa kimataifa wa Moi ulioko Port Reitz, ama wavuke kwa feri ya Likoni na kuelekea uwanja mdogo wa Ukunda, Diani. Kokote waendako, swali ni lile lile: ni nani anayehakikisha kwamba ndege inayoshuka haitakutana na nyingine njiani?

Swali hilo si la nadharia. Mnamo Machi 5, 2024, ndege ya shirika la Safarilink aina ya Dash 8, iliyobeba watu 44 kuelekea Diani, iligongana na ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 muda mfupi baada ya kupaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna waliaga dunia, na mabaki ya ndege yao yakaanguka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Dash 8 ilifaulu kurejea Wilson salama.

Wasafiri wengi huamini kwamba teknolojia imekwisha kulitatua tatizo hili. Imani hiyo ina msingi, lakini ina mipaka yake.

Ndege kubwa za abiria huwa na mtambo wa kuzuia kugongana, unaojulikana kwa ufupi kama TCAS. Mtambo huo hutuma mawimbi ya redio ambayo hujibiwa na kifaa kiitwacho transponda kilichomo katika ndege nyingine. Kutokana na majibu hayo, hupima umbali na kimo, kisha hukadiria sekunde zilizosalia kabla ya ndege hizo kukaribiana mno.

Tahadhari hutolewa kwa hatua mbili. Kwanza, sauti huwajulisha marubani kwamba kuna ndege jirani. Hatari ikizidi, sauti hiyo huamuru: panda, ama shuka. Rubani hutarajiwa kuitikia amri ya kwanza ndani ya sekunde tano. Iwapo ndege zote mbili zina mtambo huo, mitambo huelewana ili moja ipande na nyingine ishuke.

Anga ya Kenya imewahi kunufaika na mpango huo. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa wakati huo, mnamo Agosti 2018 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Johannesburg na ile ya Neos iliyokuwa ikitoka Verona kuelekea Zanzibar zilijikuta katika kimo kimoja cha futi 37,000. Mtambo ulitoa tahadhari, ndege ya Ethiopia ikapanda, na maafa yakaepukwa.

Hata hivyo, mtambo humfaa tu anayeutii. Usiku wa Julai 1, 2002, karibu na mji wa Überlingen, Ujerumani, marubani wa ndege ya Urusi aina ya Tupolev waliamriwa na mtambo kupanda, ilhali mwongozaji wa ndege aliyekuwa Zurich aliwaambia washuke. Walimfuata mwongozaji. Ndege ya mizigo ya DHL, iliyotii mtambo wake, nayo ilikuwa ikishuka. Watu 71 waliangamia, wengi wao wakiwa watoto. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilifafanuliwa wazi: amri ya mtambo hutangulia ya mwongozaji, hata kama rubani atalazimika kuacha kutua na kuzunguka upya.

Lakini wakati wa kutua kuna pengo kubwa zaidi. Chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, mtambo hukoma kutoa amri, kwa kuwa ujanja wa ghafla karibu na ardhi unaweza kuleta ajali nyingine. Kimo hicho ni sawa na kilomita sita hivi za mwisho kabla ya kugusa barabara ya kutua, umbali mfupi kuliko ule wa kutoka Ganjoni hadi Port Reitz.

Pengo hilo lilidhihirika Washington, Marekani, mnamo Januari 29, 2025. Ndege ya abiria iliyokuwa ikitua iligongana na helikopta ya jeshi ikiwa katika kimo cha futi 300 hivi, na watu wote 67 wakafa. Marubani walisikia tahadhari ya kwanza sekunde 20 hivi kabla ya kishindo. Amri ya kukwepa haikutolewa, kwani walikuwa chini mno.

Isitoshe, kanuni za kimataifa huwajibisha ndege za injini ya tabo zenye uzani unaozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba zaidi ya abiria 19. Cessna ya mafunzo haimo. Nyingi kati ya ndege ndogo zinazohudumia Ukunda, Malindi na Lamu hazimo pia. Ndege ndogo ikiruka bila transponda inayofanya kazi, hata mtambo wa ndege kubwa hauwezi kuiona.

Ndiposa mzigo humrudia mwanadamu: macho ya rubani na sauti ya mwongozaji mnarani. Nchini Kenya, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) husimamia kanuni na wakati huo huo huwaajiri waongozaji hao. Ni vigumu kwa taasisi moja kujikosoa yenyewe bila woga.

Yanayohitajika yanajulikana: transponda katika kila ndege inayokaribia viwanja vyenye shughuli nyingi, waongozaji wa kutosha wasiochoshwa na zamu, njia za mafunzo zilizotengwa na zile za abiria, na ripoti za uchunguzi kuwekwa wazi kwa umma. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na katika kilomita sita za mwisho, hakuna mtambo wa kumwokoa aliyedharau.